Vigezo vya Kutambua Ukomavu wa Ujimbi kabla ya Kutiwa Chupani: Mfano wa Dodoma

1.0 Utangulizi

Ujimbi ni pombe ya Wagogo wa Dodoma inayopikwa kwa mtama au uwele. Kwa desturi hunywewa palepale ilipopikwa, ndani ya siku chache, ilhali bado inachacha. Suala la ukomavu hubadilika pombe hiyo inapotiwa chupani ili isafirishwe au iuzwe baadaye. Makala haya yanafafanua tofauti kati ya pombe iliyo tayari kunywewa na pombe iliyo tayari kufungwa, kwani kuzichanganya dhana hizo mbili ndiko kunakosababisha chupa kupasuka.

2.0 Dalili za Milango ya Fahamu

Mpishi hutambua ukomavu kwa jicho, sikio na ulimi. Baada ya kutiwa kimea, uji huwa mtamu kama togwa. Kisha povu huinuka, mtungi husikika kama unaochemka ingawa hauko motoni, na utamu hupungua huku ukali na uchachu vikiongezeka. Povu linaposhuka na sauti inapofifia, pombe huhesabiwa kuwa imeiva.

Dalili hizo zinamtosha mnywaji. Hata hivyo, zinaeleza kasi ya chachu kwa wakati huo, wala hazielezi kiasi cha sukari kilichobaki. Tofauti hiyo ina uzito wa pekee Dodoma, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100. Upikaji hushamiri baada ya mavuno, katikati ya mwaka, kipindi ambacho joto la usiku hushuka hadi takriban nyuzi 14 za sentigredi. Baridi huidhoofisha chachu. Kwa hiyo, mtungi unaweza kunyamaza mwezi Julai kwa sababu ya baridi, si kwa sababu sukari imekwisha. Pombe iliyofungwa katika hali hiyo huanza kuchacha upya joto linapopanda.

3.0 Kipimo cha Sukari Iliyobaki

Gramu moja ya sukari inapochacha hutoa takriban nusu gramu ya gesi ya kaboni dayoksaidi. Hivyo, gramu 10 za sukari zilizobaki katika lita moja huzalisha karibu gramu 5 za gesi, kiasi kinacholingana na gesi yote iliyomo katika bia ya kawaida ya chupa. Sukari ikizidi hapo, chupa ya kioo huwa hatarini.

Haidromita, kifaa kinachoelea katika kimiminika, husaidia kubaini hali hiyo: kadiri sukari inavyogeuka kuwa kileo, ndivyo kinavyozama zaidi. Kwa kuwa ujimbi una chembe za unga zinazovuruga usomaji, kigezo si namba fulani bali ni usomaji usiobadilika kwa siku tatu mfululizo. Sampuli huchujwa na kupimwa katika joto lilelile. Wakati wa baridi, mtungi huwekwa kwanza mahali penye joto ili chachu isidhaniwe imemaliza kazi, kumbe imelala.

Kigezo hicho nacho kina mpaka. Ikiwa pombe haikuchemshwa baada ya kutiwa kimea cha mwisho, vimeng'enya vya kimea huendelea kugeuza wanga kuwa sukari hata baada ya pombe kuchujwa. Ndiyo maana pombe ya kiwandani ya jamii hii, Chibuku, imezoeleka kuuzwa katika pakiti inayoachia gesi.

4.0 Hitimisho

Ujuzi wa mpishi haubatilishwi na haidromita. Kila kimoja kinajibu swali lake. Povu na ladha vinaonesha wakati wa kunywa, ilhali usomaji usiobadilika katika joto la kutosha unaonesha kwamba sukari inayoweza kuchacha imekwisha kwa wakati huo. Ujimbi usiopashwa joto la kuua chachu na kuzima vimeng'enya unapaswa kuwekwa katika chombo chenye njia ya kutolea gesi, hata pale mtungi unapokuwa kimya.