Kabla hujasaini barua ya kuacha kazi

Mara nyingi huanza kwa upole. Baba au mama anaitwa ofisini jioni, anaambiwa hali ya kampuni si nzuri na watu wanapunguzwa. Kisha linakuja ombi linalofanana na wema: “Andika wewe mwenyewe barua ya kuacha, tuachane vizuri.” Akiwa na aibu, akiwaza atawaambia nini watoto, anaandika.

Barua hiyo ya mistari mitatu inaweza kuinyima familia fedha za miezi sita.

Tangu sheria za hifadhi ya jamii zilipobadilishwa mwaka 2018, mwanachama wa NSSF aliyepoteza kazi anaweza kuomba fao la kukosa ajira. Anatakiwa awe raia wa Tanzania, awe amechangia angalau miezi 18, awe hajafikisha miaka 55, awe hajapata kazi nyingine, na awe hakuacha kazi kwa hiari yake. Sharti hilo la mwisho ndilo la kukaa nalo macho. Karatasi yenye sahihi yako ikisema umeacha mwenyewe, ni vigumu kueleza dirishani kwamba ulisukumwa. Kama kampuni inapunguza watu, barua itoke kwa kampuni na iseme hivyo.

Fao lenyewe si kubwa, na ni vizuri kulijua mapema kabla ya kuahidi ada. Ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa mwezi, kwa miezi sita. Aliyekuwa akilipwa shilingi 600,000 atapata karibu 200,000 kila mwezi. Hapo Dar es Salaam, ukitoa kodi ya nyumba, kinachobaki ni unga, mafuta ya kupikia na nauli ya mtoto. Wapo wanaofika ofisi za mfuko wakitarajia kuchukua akiba yote kwa mkupuo kama zamani, wakarudi nyumbani wamenuna. Malalamiko yao yanaeleweka, kwani fedha ni jasho lao, lakini ndivyo sheria inavyosema. Aliyechangia chini ya miezi 18 ana utaratibu wake, naye asikae nyumbani bila kwenda kuuliza.

Jambo jingine ni michango. Mshahara kukatwa hakumaanishi fedha imefika NSSF. Omba taarifa ya michango yako ukiwa bado kazini, uihesabu mwezi kwa mwezi. Pengo ukiligundua leo, mwajiri yuko mlango wa pili. Baada ya kufukuzwa, hata getini mlinzi anakuuliza unamtaka nani.

Kwa wenye watoto, lipo na la bima. Uliza kadi ya familia inakoma lini. Kama mtoto ana pumu au selimundu na miadi yake iko karibu, mpeleke kadi ikiwa hai, na umweleze daktari hali ilivyo ili dawa zipangwe mapema.

Na kama barua umeshaiandika kwa kulazimishwa? Usiichane nakala. Ipeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, pamoja na ujumbe wowote wa simu unaoonyesha ulivyoshinikizwa. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa ndani ya siku 30, na siku hizo zinahesabiwa tangu kazi ilipokoma, si tangu akiba ya nyumbani ilipokwisha.