Jani lililoshinda malaria, na vidonge tunavyobakisha

Mvua za masika zikipiga huku Pwani, homa nazo huja, na barazani ubishi huwa ule ule: dawa ya hospitali au mwarobaini? Kisa cha mama mmoja wa Kichina chatosha kuwajibu wa pande zote mbili.

Tu Youyou hana shahada ya udaktari wala hakusomea ng'ambo. Mwaka 1969 alipewa kazi ya kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa kuwa klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Yeye na wenzake wakapekua tiba za kale. Mmea mmoja, qinghao, wa jamii ya pakanga, ulionyesha matumaini, kisha ukawaangusha. Aliporudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliona kuwa mzee yule hakuuchemsha mmea. Aliuroweka majini, akaukamua. Kumbe moto ndio ulioharibu dawa! Tu akatumia etha, inayochemka kwa nyuzi 35 hivi tu, na mwaka 1971 dawa ikawaponya panya na nyani wote waliojaribiwa. Kabla ya kupewa wagonjwa, aliinywa yeye mwenyewe.

Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel ya tiba, pamoja na William Campbell na Satoshi Ōmura, ambao ugunduzi wao ulileta ivermectin, dawa inayotumika dhidi ya matende, maradhi tusiyohitaji kuelezwa.

Kwa hivyo, anayedharau miti-shamba ajue dawa hii ilianzia kwenye jani. Na anayechemsha majani kwa kukisia ajue jani lile lile, likitengenezwa vibaya, halikuponya. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila maradhi yana dawa yake, kuitafuta na kuipima ni juu yetu.

Dawa iliyotokana na ile ya Mama Tu ndiyo imo ndani ya AL tunazopewa zahanati. Huua vimelea upesi, lakini haikai mwilini. Mwenzake, lumefantrini, ndiye hubaki kuwamaliza waliosalia. Ndiyo maana mtu mzima hupewa vidonge 24 kwa siku 3. Homa ikishuka siku ya pili, wengi wetu huvificha vilivyobaki kabatini, au tukampa jirani. Vimelea vilivyoanza kuistahimili artemisinini vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania. Klorokwini tuliipoteza hivyo hivyo.

Ukianza dozi, ndugu yangu, imalize.