Nani Kafungua Faili la Mishahara?

Katika ofisi yenye folda moja ya pamoja, mwisho wa mwezi haupiti bila mtu kupaza sauti: "Nani kafungua faili la mishahara?" Watu wanatazamana. Mmoja anasema alilifunga tangu asubuhi, mwingine anaapa hajaligusa, na wa tatu, ambaye ndiye hasa aliyelifungua, yuko kantini anakunywa chai. Kwenye kioo cha mhasibu ujumbe haubanduki: faili limefungwa, kuna mtu analihariri. Lisome tu, au subiri.

Wengi huuona ujumbe huo kama ugonjwa wa kompyuta, na dawa ya kwanza inayowajia ni kuizima na kuiwasha. Lakini fikiria mambo yangekuwaje bila kufuli hilo. Mhasibu mmoja anafungua faili saa tatu asubuhi na kuongeza wafanyakazi watano wapya. Mwenzake analifungua hilo hilo saa tatu na nusu, anarekebisha makato ya bima. Wa kwanza anahifadhi saa nne kamili, wa pili anahifadhi robo saa baadaye. Kinachobaki kwenye seva ni kazi ya wa pili peke yake, kwa sababu nakala aliyokuwa nayo ilisomwa kabla mwenzake hajahifadhi. Wale wafanyakazi watano wametoweka kwenye orodha, na kompyuta haikutoa hata mlio. Habari itajulikana siku ya malipo.

Namna kufuli hilo linavyofanya kazi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ukifungua waraka unaoitwa Ripoti ya Mwaka.docx, Word huunda pembeni yake faili jingine dogo lililofichwa, ambalo jina lake ni ~$poti ya Mwaka.docx. Herufi mbili za mwanzo zimeliwa na zile alama. Faili hilo lina baiti 162 tu, na kazi yake kubwa ni kubeba jina la mtu aliyefungua waraka. Excel hufanya vivyo hivyo, ila yenyewe haili herufi yoyote: Mishahara.xlsx huzaa ~$Mishahara.xlsx.

LibreOffice, programu ya bure inayotumiwa na ofisi zisizotaka kulipia leseni, ni wazi zaidi. Huacha faili linaloanza na .~lock. na kuishia na alama ya reli, mfano .~lock.Ripoti ya Mwaka.odt#. Ukilifungua kwa Notepad unakuta mstari mmoja uliogawanywa kwa mikato: jina la mtumiaji, jina la akaunti yake, jina la kompyuta, tarehe na saa aliyoanza, na mahali mipangilio ya programu yake ilipohifadhiwa. Ushahidi wote uko hapo, na hauhitaji fundi kuusoma. (Programu hii ina undugu na Kiswahili: ilichipuka mwaka 2010 kutoka OpenOffice.org, ambayo mwaka 2004 ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, kupitia mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.)

Faili hilo dogo ni kama ndoo iliyowekwa kwenye foleni ya bomba. Mwenyewe akiwepo, kila mtu anaiheshimu. Shida inaanza akienda zake na kuiacha. Programu ikifungwa vizuri, hulifuta faili dogo yenyewe. Umeme ukikatika ghafla, betri ya laptopu ikiisha, flashi ikichomolewa huku waraka uko wazi, au programu ikiganda na kuuawa kwa nguvu, hakuna wa kulifuta. Umeme ukirudi, steshenari yenye foleni ya wateja inakuta barua ya mtu imefungwa na mtu ambaye hayupo popote. LibreOffice hufika mahali pa kuchekesha kabisa: inaweza kukuambia kwamba waraka umefungwa na wewe mwenyewe, ukiwa kwenye kompyuta nyingine.

Cha kufanya kwanza ni kuuliza, maana jina limeandikwa kwenye ujumbe wenyewe. Mwenye jina akisema keshafunga, inafaa kuangalia kama programu nayo imefunga kweli. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona orodha ya programu zinazoendelea. Ukikuta Excel imo ilhali hakuna dirisha lake popote, au ukikuta soffice.bin ilhali LibreOffice haionekani, umempata aliyeshika faili. Iue hapo hapo kwenye orodha, kisha jaribu tena. Mshukiwa mwingine asiyefikiriwa sana ni kile kidirisha cha kando kinachoonyesha sura ya waraka kabla hujaufungua. Nacho huweza kulishika faili bila mtu kubofya chochote.

Hayo yakishindikana, ndipo mtu aruhusu folda ionyeshe mafaili yaliyofichwa, atafute lile dogo na kusoma saa yake. Kama linaonyesha jana jioni, dakika chache kabla ya umeme kukatika, hilo ni mabaki. Likifutwa, waraka wenyewe haudhuriki. Kama linaonyesha nusu saa iliyopita na jina la mtu wa ofisi ya jirani, kulifuta ni kurudi kwenye ile hadithi ya wafanyakazi watano. Windows nayo hutoa dalili nzuri. Ikikataa kulifuta faili la ~$ kwa madai kwamba linatumika, basi kweli linatumika, na mtu yuko ndani. Kwenye seva, mtu wa IT anaweza kuona orodha ya mafaili yote yaliyofunguliwa na nani kayafungua, na anaweza kulifunga lolote kwa lazima. Lakini chochote ambacho mwenyewe hakuwa amehifadhi kinaweza kupotelea hapo, kwa hiyo simu moja kabla ya kubofya si kupoteza muda.

Ipo pia njia ya mkato ambayo programu zenyewe huipendekeza: fungua nakala. Inafaa kwa mtu anayetaka kuchapa tu au kuangalia namba. Kwa anayetaka kuandika, ndiyo chimbuko la folda zenye Bajeti mpya, Bajeti mpya FINAL na Bajeti FINAL ya kweli, na kikao kizima kubishana ipi ni ipi.

Si kila faili linalokataa kuandikwa limeshikwa na mtu. Ukiona utepe wa manjano juu ya waraka uliopakuliwa kutoka intaneti au kwenye barua pepe, huo ni ulinzi uliokuja na Office ya mwaka 2010. Windows huyatia alama mafaili yaliyotoka nje, na Word huyafungua kwa kusoma tu mpaka mtumiaji aruhusu. Sababu zipo za kutosha. Mwezi Machi 1999 kirusi cha Melissa kilisambaa duniani kikiwa kimejificha ndani ya waraka wa Word uliotumwa kwa barua pepe. Waraka ukitoka kwa mtu usiyemjua, utepe uachwe ulivyo. Faili lililofunguliwa moja kwa moja likiwa ndani ya zipu au ndani ya barua pepe nalo halihifadhiki pale lilipo. Litoe kwanza, liweke kwenye folda yako. Na kuna laptopu mpya zinazouzwa na Office ya majaribio: muda ukiisha, mafaili yote yanasomeka na kuchapika lakini hayahaririki. Hapo tatizo ni leseni, na faili halina kosa.

Neno la siri ni habari nyingine kabisa, na hapa watu huchanganya kufuli za aina mbili. Kufuli la karatasi ya Excel, lile linalozuia mtu asiguse fomula, ni la kuzuia mkono usiteleze. Microsoft yenyewe inaeleza kwamba halikukusudiwa kuwa ulinzi wa siri. Katika matoleo ya zamani, neno la siri la karatasi liligeuzwa kuwa namba fupi ya biti 16, kiasi kwamba maneno tofauti kabisa yaliweza kufungua kufuli lile lile. Mishahara ya bosi isifichwe huko. Neno la siri la kufungulia faili zima ni jambo zito zaidi: tangu Office 2007 maudhui yote husimbwa kwa mbinu iitwayo AES, na anayelisahau hana mlango wa nyuma, hata kwa Microsoft. Tovuti zinazoahidi kulifungua faili kwa dakika moja huomba kwanza ulipakie kwao, yaani uwakabidhi watu usiowajua orodha ya wafanyakazi na akaunti zao za benki.

Ofisi zenye intaneti ya uhakika zimepata njia ya kukwepa foleni. Google Docs, ambayo mizizi yake ni programu ya Writely iliyonunuliwa na Google mwaka 2006, huwaruhusu watu kadhaa kuandika ndani ya waraka mmoja kwa wakati mmoja, na Word na Excel hufanya hivyo faili likiwekwa OneDrive. Kwa ofisi inayohesabu bando, folda ya pamoja itaendelea kuwepo, na kufuli zake pia. Kwa hizo kuna kazi ndogo ya kufanya kwenye kila kompyuta: ingia kwenye mipangilio ya Word au LibreOffice, mahali pa taarifa za mtumiaji, na uandike jina la mtu halisi. Kompyuta nyingi bado zinajitambulisha kama HP, User au Admin, kwa hiyo ujumbe ukitokea hakuna anayejua aende meza gani kuuliza.