Jeni Njema, Amri Mbaya

Ukiteremka kutoka Tukuyu kwenda Kyela, unaiacha baridi ya mashamba ya chai na kuingia kwenye joto, mpunga na mbu. Tofauti ya namna hiyo ndiyo iliyompa fununu daktari wa upasuaji Denis Burkitt. Mwaka 1958, akifanya kazi Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa saratani unaoshambulia taya za watoto. Mwaka 1961 alizunguka hospitali kuanzia Uganda hadi kusini mwa Afrika, akabaini kwamba ugonjwa huo ni adimu kwenye miinuko ya zaidi ya mita 1,500 hivi, takriban usawa wa Tukuyu, na umeenea palipo na joto na mvua, ambako malaria pia hushamiri.

Malaria inahusikaje na saratani? Jibu limo katika namna seli inavyosoma jeni zake.

Karibu kila seli mwilini ina jeni zilezile, ila haizisomi zote kwa pamoja. Sehemu maalumu za DNA huamua jeni ipi isomwe, lini na kwa kiasi gani. Jeni iitwayo MYC huichochea seli igawanyike. Kwa kawaida husomwa kwa muda, kisha hunyamazishwa.

Mtoto anapougua malaria mara kwa mara, seli B, zinazotengeneza kingamwili, huchochewa kuzaliana na kukatakata jeni za kingamwili ili kuziboresha. Kirusi cha Epstein-Barr, ambacho karibu watoto wetu wote hukipata wakiwa wadogo, huzinusuru seli zilizostahili kufa. Katika kukata na kuunga huko, mara chache kosa hutokea: kipande cha kromosomu ya 8 chenye MYC huungwa kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni ya kingamwili. Katika seli B, jeni hiyo haina mapumziko. MYC ikiingia chini ya amri yake, husomwa mfululizo, na uvimbe huweza kukua maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Ndiyo maana mwanafunzi wa uzamili anayetafiti saratani haishii kuuliza kama jeni ipo. Huchukua kipande cha uvimbe, akatenga RNA, yaani nakala zinazotolewa jeni inaposomwa, kisha akalinganisha wingi wake na ule wa seli zenye afya. Hapo huonekana amri iliyopotoka, na watafuta dawa hupata pa kulenga. Tukuyu ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Vijana wa Rungwe wanaopenda biolojia wasidhani elimu hii ni ya ng'ambo.

Limfoma ya Burkitt, kama saratani hiyo inavyoitwa, hutibika kwa dawa ikiwahiwa, na kuishi mwinukoni si kinga kamili. Mzazi, ukiona taya la mwanao linavimba haraka au meno yanalegea bila sababu, usiishie kumng'oa jino. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.