Nyoka wa Kisiwa cha Queimada Grande

Wasomaji wetu, aliyepata kumkuta nyoka chini ya mtungi wa maji hahitaji kuelezwa khofu yake. Wala sheria yetu haikutukataza kujikinga: nyoka mwenye madhara yaruhusiwa kumwua. Lakini yupo nyoka mwenye sumu kali ambaye leo yeye ndiye anayehitaji kukingwa na sisi wanadamu.

Yapata kilomita 35 kutoka pwani ya jimbo la São Paulo, huko Brazil, kipo kisiwa kiitwacho Queimada Grande, chenye ukubwa wa kama hektari 43 tu. Zamani kiliungana na bara. Kiasi cha miaka 11,000 iliyopita bahari ilipanda ikakitenga, na nyoka waliokuwamo wakabaki humo peke yao.

Mwaka 1921 mtaalamu wa Brazil, Afrânio do Amaral, aliwapambanua kuwa ni aina mbali, akawapa jina la insularis, yaani wa kisiwani. Leo huitwa Bothrops insularis. Rangi yao ni manjano iliyopauka. Katika ukoo wao yumo moma wetu. Ila wao ni wa mbari yenye kishimo baina ya jicho na pua, kinachohisi joto la mnyama hata gizani. Mbari hiyo haipo Afrika.

Ndugu yao wa bara, aitwaye jararaca, hula panya: humwuma, humwacha akimbie, kisha humfuata. Kisiwani hakuna panya. Nyoka wakubwa hula ndege wasafiri watuao humo, na ndege akiachiliwa huruka akafa mbali. Basi nyoka huyu humng'ang'ania kinywani mpaka sumu, iliyo kali khasa kwa ndege, imwishe nguvu. Wadogo hula tandu na mfano wao. Subhanallah! Kila kiumbe na riziki yake, na njia ya kuipata.

Hawapatikani penginepo duniani. Moto mmoja mkubwa waweza kuwamaliza, na wapo watu wawaibao kwenda kuwauza. Kwa hivyo wamehesabiwa miongoni mwa viumbe walio ukingoni mwa kutoweka, na serikali ya Brazil imewakataza watu kushuka kisiwani, isipokuwa wanamaji wake na wataalamu wenye idhini.

Huenda mtu akauliza: nyoka akitoweka, hasara gani? Mwaka 1965 Sérgio Ferreira, mtaalamu wa Brazil, alieleza kitu alichokikuta katika sumu ya jararaca. Kutokana na elimu hiyo ilipatikana captopril, dawa ya shinikizo la damu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981. Nani angedhani kuwa katika sumu imo njia ya shifaa?

Ruhusa ya kumwua nyoka ni ruhusa ya kuondoa madhara. Huyu wa Queimada Grande hakutujia majumbani. Sisi ndio tumwendeao, kwa tamaa ya fedha. Vijana wetu na wapambanue mambo haya mawili. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waangalizi wema wa amana Yake. Amin.