Sona kwenye boti za Tana: tafuta mahali kabla ya kutoboa ubao

Mwenye boti wa Garsen au Kipini anayenunua sona, yaani kipima kina, huuliza bei kwanza, kisha ukubwa wa kioo. Swali zito huachiwa fundi, naye hulijibu jioni akiwa na haraka: kihisi kitakaa wapi? Kihisi ndicho sikio la sona. Kikikaa pabaya, kioo kitaonyesha uongo hata kama chombo kimegharimu fedha nyingi, na Tana haisafiriki kwa uongo.

Mto huu wa kilomita 1,000 hivi hushusha udongo wa nyanda za juu hadi kwenye delta. Maji hupanda mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, na yakishuka, mafungu ya mchanga huwa yamehama. Hata mlango wake umehama. Katika karne ya 19 utawala wa Witu ulichimba mfereji wa Belazoni kuunganisha Tana na mto Ozi. Mafuriko yakaupanua, ndiyo maana leo Tana inaingia baharini Kipini. Wapokomo wamepima kina cha maji haya kwa upondo vizazi na vizazi, na manahodha wa baharini kwa bildi. Sona inafanya kazi ileile kwa sauti: mlio hushuka, hugonga chini, hurudi. Majini sauti hukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo penye kina cha mita 3 mwangwi hurudi baada ya sekunde 0.004 tu.

Adui wa mlio huo ni hewa. Povu dogo chini ya kihisi linatosha kuukata, na boti inayokimbia huzalisha povu kila mahali: chini ya omo inapopasua maji, nyuma ya kila ubao au msumari uliojitokeza, na zaidi ya yote kwenye rafadha. Kwa boti ya mashine moja, mahali pa kuanzia kutafuta ni kwenye bao la tezi, upande wa kulia, sentimita 38 au zaidi kutoka kwenye rafadha. Kwa nini kulia? Rafadha nyingi huzunguka kama mshale wa saa ukizitazama kutoka nyuma. Makali yake hushuka upande wa kulia na kupanda upande wa kushoto, na huko kushoto ndiko povu hutupwa juu. Ikiwa yako inazunguka kinyume, geuza upande.

Boti ya faiba isiyo na tabaka la povu au mbao katikati inaruhusu kihisi kukaa ndani, ngamani, bila kutoboa chochote. Jaribu kwanza: tia kihisi kwenye mfuko mwembamba wa plastiki uliojaa maji, ukandamize sakafuni, utembeze boti. Kioo kikionyesha kina sawasawa, hapo panafaa. Mashua ya mbao hairuhusu hilo, kwa sababu ubao humeza sauti. Na fundi akiamua kutoboa, asitie kihisi chenye gamba la plastiki. Ubao ukilowa huvimba, na ukivimba hulibana gamba hadi likapasuka, maji yakaingia. Shaba nyeusi ndiyo inayostahimili.

Meli kubwa zina njia zake. Dr Fridtjof Nansen, meli ya utafiti ya Norway inayosafiri Afrika, hubeba vihisi vyake kwenye mkuku unaoweza kuteremshwa chini zaidi, mbali na povu la ubavuni. Meli ya kwanza ya jina hilo ilichunguza samaki wa maji ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwetu wazo hilo linafaa kwa kipimo kidogo, na hapa ndipo ninapoachana na vitabu vya maelekezo.

Kwa boti ya Tana, kihisi kifungwe kwenye mti imara au bomba ubavuni, karibu na tezi, mahali ambapo mkono wa nahodha unafika na kukiinua. Boti hizi huburutwa mchangani na hukutana na magogo. Wakati wa mafuriko, kama 2018, 2023 na 2024, za uokoaji hupita juu ya mashamba na barabara, na kina hugeuka ghafla kutoka mita kadhaa hadi magotini. Kihisi kilichogandishwa chini ya boti hakidumu huko. Kwenye mti, povu litaonekana mkienda mbio, lakini anayepima kina cha Tana hana sababu ya kwenda mbio.

Kikishafungwa, pima umbali kutoka kihisi hadi sehemu ya chini kabisa ya boti na uuingize kwenye mipangilio ya sona, la sivyo kioo kitakuahidi maji usiyokuwa nayo. Kumbuka pia kwamba sona hii hutazama chini tu. Kwa masafa ya kilohezi 200, penye mita 3 huona duara la mita moja hivi. Haioni kiboko wala gogo lililo mbele.

Wanaosimamia boti za uokoaji za Tana River, vipimo hivi vifanyeni kabla ya mvua za masika, wakati fundi bado ana nafasi ya kubadilisha mahali. Na mtu wa upondo msimwondoe omo.