Ukili, Wavu na Utulivu wa Moyo

Katika mambo yaliyo karibu mno na mkono wa binadamu, hata akayadharau kwa ule ukaribu wake, mojawapo ni kazi ya uzi na ukindu. Mtu huketi juu ya mkeka kila siku, akala, akalala, akasali, wala asijiulize ni mikono ya nani iliyousuka, na moyo wa msukaji ulikuwaje siku zile za kusuka. Makala haya, wasomaji wetu wapenzi, yataka kuueleza ule upande wa pili wa mkeka: si faida aipatayo mwenye kuukalia, bali ile aipatayo mwenye kuusuka kabla haujafika sokoni wala msikitini.

Sisi wa Ujiji na Kigoma tunayo sababu ya kulizungumza jambo hili. Tarehe 15 Mei, 2024, Serikali ilisimamisha uvuvi katika sehemu yetu ya Ziwa Tanganyika kwa muda wa miezi mitatu, mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Na hilo lilitokana na mapatano ya nchi nne zenye ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Kwamba ziwa lahitaji kupumzika, hapana mvuvi mwenye akili atakayebisha, kwani yeye ndiye wa kwanza kuona wavu ukirudi mwepesi. Lakini ziwa likipumzika mvuvi hapumziki. Mtu aliyezoea kutoka jioni na taa zake, akarudi alfajiri na dagaa, hujikuta amekaa kitako mchana kutwa, na madeni yake hayakukaa kitako pamoja naye. Mama aliyezoea kuanika dagaa Kibirizi au Katonga naye mikono mitupu. Katika siku zile nilisikia maneno makali majumbani kuliko nilivyopata kusikia kwa miaka mingi, wala si kwa ubaya wa tabia za watu. Mikono ikikosa kazi huupa moyo kazi, na kazi ya moyo uliojaa wahaka ni kuhesabu hasara usiku na mchana.

Walakini haikuwa hivyo katika kila nyumba. Palikuwa na baraza moja, si mbali na pwani ya Ujiji, ambapo wazee wanne walitoa nyavu zao zote, nzima na mbovu, wakaanza kuzitengeneza. Kazi hiyo si mpya kwao. Kila mwezi unapopevuka wavuvi wa dagaa hulazimika kubaki nchi kavu siku kadha wa kadha, kwani dagaa hufuata nuru ya taa katika kiza, na mbalamwezi ikitapakaa ziwani kote taa hupoteza nguvu ya kuwaita. Siku hizo tangu zamani ni za wavu. Mvuvi hutandaza wavu magotini, hutafuta tundu kwa vidole, hukata nyuzi zilizochakaa mpaka apate jicho lililo zima, kisha hupitisha sindano ya mti yenye uzi, hupima jicho jipya kwa kipande cha mti au kwa kidole chake, hufunga fundo, na kuendelea. Fundo likilegea, jicho hutanuka na dagaa hupita; kwa hiyo haiwezekani kulifunga huku akili iko kwa mdai.

Niliketi nao mara nyingi baada ya sala ya alasiri, nikaangalia jambo moja. Walipoanza walikuwa wakigombana: huyu alaumu Serikali, huyu alaumu wenye nyavu haramu, huyu alaumu bei ya mafuta. Baada ya muda sauti zilishuka zenyewe pasipo mtu kuwasuluhisha. Hawakuacha kuzungumza, walizungumza yale yale, ila kwa mwendo wa sindano. Mzee mmoja aliniambia kwamba akishika kazi ile deni lake halipungui hata senti moja, ila hupunguza kelele. Mimi nimesoma vitabu vichache, lakini sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo.

Basi siri yake ni nini? Nionavyo mimi, kazi hii huuchukua mkono wote na nusu ya jicho, ikauacha ulimi na sikio huru. Mtu asukaye aweza kuzungumza na jirani, aweza kusikiliza mtoto akisoma, aweza kumtaja Mola wake, na kazi ikaenda. Tazama sasa simu hizi za mkononi, ambazo vijana wetu, na wazazi wao pia, huzishika wakisema kwamba wanapumzisha akili. Simu huchukua mkono, ikachukua jicho, ikachukua sikio, na baada ya saa nzima mtu huiweka chini amechoka kuliko alipoiokota, wala hana hata shibiri moja ya ukili ya kuonyesha.

Walimu wa vyuo vya Kurani waliijua siri hii kabla yetu. Ilikuwa desturi pwani yote, na sisi wa bara tuliipokea kutoka kwao, mwalimu mwanamke kusuka ukili huku akisikiliza watoto wakisoma, na mwalimu mwanamume kushona kofia. Wageni waliona kwamba hawashughuliki na wanafunzi. La! Mtoto akikosea herufi moja, mkono wa mwalimu ulisimama, na mtoto alijua amekosea kabla hajaambiwa neno. Mimi mwenyewe hushona kofia darasani mpaka leo, na ushahidi wangu ni kwamba siku nisiposhika sindano huwa mwepesi wa hasira, na watoto wa chuoni huitambua siku hiyo tangu mlangoni.

Niseme kidogo juu ya ukili wenyewe, kwani watoto waliozaliwa katika nyumba za mikeka ya plastiki huenda hawaujui. Ukindu hukatwa ungali mchanga, kabla jani halijafunguka; huanikwa juani mpaka ukawa mweupe; sehemu itakiwayo rangi huchemshwa pamoja na rangi; kisha huchanwa vipande vyembamba kwa ncha ya sindano au kwa ukucha. Kabla ya kusuka hutiwa maji kidogo, kwani mkavu hukatika. Hapo ndipo husukwa ule utepe mrefu uitwao ukili, mwembamba kama vidole vichache, pima kwa pima, ukazungushwa kama gurudumu na kuwekwa kando. Kili zikitosha huungwa ubavu kwa ubavu kwa sindano, ukapatikana mkeka wa kulalia au msala wa kusalia. Mwaona basi kwamba sehemu kubwa ya kazi ni ule ukili, nao hauna haraka: waweza kusukwa dakika kumi jikoni wali ukipwaga, ukaachwa, ukachukuliwa tena usiku. Kazi nyingi za dunia hukasirika zikikatizwa. Hii haikasiriki.

Mama mmoja jirani yetu alifiwa na mumewe, akaingia eda ya miezi minne na siku kumi, kama ilivyofaradhiwa katika Suratul Baqara, aya ya 234. Mwezi wa kwanza alikaa na mikono mapajani, hali, hasemi. Watu walikuja na mawaidha mengi, mengine marefu kupita kiasi, wakaondoka. Kisha akaja shangazi yake kutoka Gungu na furushi la ukindu. Hakutoa waadhi. Aliketi karibu naye akasuka siku mbili, na siku ya tatu yule mjane alichukua ncha ya ukili mikononi mwa shangazi yake, akaendelea palipoachwa. Hadi eda ilipokwisha alikuwa na kili za mkeka mzima. Wapo walionong'ona kwamba mjane afanya biashara katika eda. Kilichokatazwa mwenye eda ni kujipamba, kujitia manukato na kutoka pasipo haja. Kukataza mkono wake usifanye kazi ya halali ndani ya nyumba yake ni kumwongezea msiba juu ya msiba. Wala sidai kwamba ukili ulimwondolea huzuni. Alilia akisuka, lakini alilia akiwa na watu, kwani wanawake walioona haya kumkabili wakiwa na maneno matupu sasa waliweza kuingia, kuketi, na kumsaidia kuchana ukindu.

Kurani yenyewe imeutaja uzi zaidi ya mara moja. Katika Suratun Nahl, aya ya 92, wavunjao ahadi wamefananishwa na mwanamke aufumuaye uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Asiyepata kusokota huipita aya hii upesi. Aliyesokota huisikia uchungu katika vidole. Ila hapa nina neno la pembeni kwa wanaojifunza: yule alifumua uzi ulio mzima. Wewe ukifumua ukili uliokwenda upande, hujafanana naye hata kidogo, na huko kufumua na kuanza tena ndiko kumfundishako mtu subira kuliko hotuba zangu. Tena twajua kutoka kwa Bibi Aisha kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akishona nguo zake na viatu vyake mwenyewe nyumbani, na Bibi Zainab binti Jahsh alisifiwa kwa kazi ya mikono yake, ambayo pato lake alilitoa sadaka.

Kwa hiyo mwanamume asemaye kwamba sindano ni ya wanawake, na avue kofia yake aitazame. Zile kofia za mkono zenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, juu ya vitambaa viwili vyeupe vilivyoshikamanishwa, zimeshonwa na wanaume kwa wanawake katika Zanzibar na Lamu, na ndugu zetu wa Oman huvaa kumma iliyo dada yake. Kofia moja nzuri yaweza kumchukua mshonaji majuma mengi. Hata Wazungu, ambao twadhani wana dawa ya kila kitu, walirejea kwenye sindano vita vilipowaelemea: mwaka 1918 palianzishwa London kazi maalumu ya kudarizi kwa ajili ya askari waliolemazwa na vita, watu waliokuwa wameshika bunduki muda mfupi kabla ya hapo.

Wataalamu nao wameanza kuuliza. Mwaka 2013 jarida moja la Uingereza la tiba kwa njia ya kazi lilichapisha matokeo ya maswali waliyoulizwa wafumaji 3,545 wa nchi mbalimbali. Ilionekana kwamba wale wafumao mara nyingi zaidi katika juma ndio waliosema zaidi kuwa baada ya kufuma huwa watulivu na wenye furaha. Mimi naipokea khabari hii kwa kiasi, kwani walioulizwa walikuwa wapenzi wa kufuma, na mpenzi hasemi ubaya wa mpenziwe. Lakini kusema kwao kwaafikiana na niliyoyaona barazani.

Sasa mipaka yake. Mtu ambaye hapati usingizi majuma kwa majuma, au asikia sauti zisizokuwapo, au ameanza kutamani kufa, huyo si wa kupewa ukindu akaachwa. Apelekwe hospitali, na hapa kwetu Maweni ipo. Wala kazi hii isifanywe pazia: niliwahi kumwona baba ashonaye kofia mchana kutwa ili asiulizwe ada za shule za watoto. Na hatari ya tatu ni pupa. Mara tu mama aanzapo kusuka, hutokea mwenye akili ya biashara akamwambia asuke mikeka kumi kwa juma, na ile raha hugeuka deni jingine. Kuuza si vibaya. Mkeka wa ukindu wastahili bei, wala mnunuzi asiulinganishe na ule wa plastiki. Lakini aliyeanza kwa ajili ya kutuliza moyo, na amalize wa kwanza kwa mwendo wake mwenyewe, ndipo azungumze na soko.

Linalonikera zaidi ni kwamba wajuzi wapungua. Wale bibi wa Ujiji wajuao kusuka maua na maandishi katika mkeka, nikiwahesabu katika mtaa wetu, hawajai vidole vya mkono mmoja, na wajukuu wao hawajui hata kuchana. Wafumao vitambaa vya viti kwa kroshia wamesalia wengi kidogo, na huko juu Kasulu, ambako baridi ni kali, sweta na kofia za sufu za watoto wachanga bado hufumwa. Nyavu nazo siku hizi hununuliwa zimefumwa kwa mashine, ila zikitoboka zaendelea kuhitaji mkono. Wazee wale wanne wa barazani wamekubali kuketi na vijana siku za mwezi mpevu. Waliokuja mara ya kwanza walikuwa wawili, na mmoja wao alikuja kumsindikiza mwenziwe.

Kwa atakaye kuanza nyumbani, asinunue ukindu mwingi. Furushi dogo latosha. Aanze na ukili mwembamba wa vipande vichache visivyotiwa rangi, kwani rangi humvuruga macho anayejifunza, na asiutazame uzuri wake mpaka umefika pima moja. Mafundo ya mwanzo yatakaza mno na ukili utajikunja kama nyoka. Hiyo ni dalili ya vidole vyenye hofu, na kwa kawaida hulegea karibu na pima ya pili. Maji ya kulowanishia yawe machache, na bakuli liwekwe mbali na watoto, khasa ikiwa juzuu zao zi karibu.